Zege linalopasuka Sahare, singa za mkonge na jiwe la Umba: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini na mashambani, na karibu kila mmoja anauliza atumie mashine gani. Anzeni na swali jingine: unataka kujua nini? Kilichomo ndani ya kitu, mpangilio wake, ugumu wake na nguvu yake ya kuvutwa ni mambo manne, na hakuna kipimo kimoja kinachoyajibu yote.

Shikamoo mwalimu. Nyumba moja Sahare, karibu na bahari, nguzo zake zimepasuka kufuata nondo na kutu inachuruzika. Mwenyewe anadai aliuziwa saruji mbovu. Nitajuaje? (Fundi ujenzi)

Marahaba, fundi. Saruji tuiweke kando kwanza. Zege zima lina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12.5 kwenda juu, na hali hiyo huivika nondo ngozi nyembamba inayoikinga. Ngozi hiyo ina maadui wawili. Hewa ukaa hupenya polepole na kushusha pH chini ya 9. Chumvi huitoboa hata pH ikiwa bado juu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana zege hupasuka kutoka ndani.

Banja kipande kipya, futa vumbi, nyunyizia fenolfthalini, dawa ya maabara inayoonyesha alkali kwa rangi. Penye alkali hugeuka waridi iliyokolea, palipoishiwa hapabadiliki. Pima kwa rula kina cha sehemu isiyobadilika, ulinganishe na kina cha nondo. Waridi likiizunguka nondo na bado ina kutu, shuku chumvi. Hapo toboa kwa drili, weka unga wa kila kina kwenye mfuko wake, na maabara ipime kloraidi, yaani sehemu ya chumvi inayoila nondo, kwa nitrati ya fedha. Chumvi ikiwa nyingi nje na kupungua kwenda ndani, imeletwa na upepo wa bahari. Ikilingana kote, ilichanganywa tangu siku ya kumwaga zege: mchanga wa pwani usiooshwa, au maji ya chumvi. Hilo ni jambo ambalo mwenye nyumba ana haki ya kuambiwa waziwazi.

Nguvu ya zege yenyewe usiihukumu kwa nyundo ya Schmidt peke yake, ile inayopima ugumu wa uso kwa jinsi inavyodunda. Uso ulioingiwa na hewa ukaa huwa mgumu zaidi, na nyundo itadunda vizuri juu ya nguzo inayooza. Kata silinda ikaminywe kwenye mashine.

Tunachoma chokaa Pongwe. Nitajuaje jiwe limeiva mpaka moyoni? (Mchomaji)

Mizani inakutosha. Jiwe safi la chokaa, likiwa kavu, hutoa hewa ukaa yake yote kwenye joto la nyuzi 900 hivi, na kilo 100 hubaki kilo 56. Jiwe lenye udongo hupungua kidogo kuliko hapo, kwa hiyo choma kwanza kipande kidogo hadi uzito usishuke tena. Hicho ndicho kipimo cha jiwe lako. Maabara hufanya hivyohivyo, ila mizani yao imo ndani ya tanuri. Moyo ukiutilia shaka, udondoshee asidi kidogo. Ukitoa mapovu mengi, bado ni mbichi. Vaa miwani, chokaa iliyochomwa na isiyozimwa bado hufoka ikikutana na majimaji.

Mnunuzi anataka nguvu ya singa zetu kwa namba. Sisi tumezoea madaraja ya rangi na urefu. (Mkulima wa mkonge, Muheza)

Singa moja moja huvutwa hadi ikatike, kisha nguvu iliyoikata hugawanywa kwa eneo la mkato wake. Tabu iko kwenye eneo hilo, kwa sababu singa si duara kamili na haina unene mmoja toka shina hadi ncha. Kwa hiyo vuta nyingi, utoe wastani pamoja na tofauti zake. Taja pia urefu uliobanwa: kadiri singa inavyokuwa ndefu ndivyo inavyobeba kasoro nyingi, na hukatika mapema. Usizipime zikitoka tu korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Mkonge hunywa unyevu, nazo maabara za nyuzi huziacha singa zitulie kwanza kwenye nyuzi joto 20 na unyevu hewa wa asilimia 65. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, hawako mbali nawe, anzia huko.

Nina jiwe jekundu kutoka Umba. Nilikwaruze nijue kama ni rubi? (Dada wa Ngamiani)

Usilikwaruze, dada yangu, utaliharibu. Mpelekee mtu mwenye refraktomita, inayopima mwanga unavyopinda ndani ya jiwe. Rubi husoma kati ya 1.76 na 1.77, tena namba mbili zilizokaribiana. Ganeti na kioo hutoa namba moja tu.

Kwa nini hadubini ya shule haionyeshi atomu? (Mwanafunzi, kidato cha sita)

Mwanangu, mwanga wa kawaida hautofautishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na atomu ziko karibu mno kuliko hapo. Eksirei ina mawimbi mafupi ya kutosha. Max von Laue alionyesha mwaka 1912 kwamba fuwele huitawanya kwa mpangilio maalumu, kisha Bragg baba na mwana wakapata Nobel mwaka 1915 kwa kusoma muundo wa fuwele kwa njia hiyo. Kanuni ni nλ = 2d sin θ: λ ni urefu wa wimbi, d ni nafasi kati ya tabaka za atomu, θ ni pembe ya eksirei na tabaka hizo, n ni namba kamili. Jaribu kwa chumvi ya mezani: λ ya eksirei ya shaba nanomita 0.154, d nanomita 0.282, n iwe 1. Utapata θ ya nyuzi 15.9 hivi. Mashine huandika mara mbili yake, takriban 31.7, usidhani umekosea.