Mpige picha anaporudi

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Ipogolo, Iringa. Jumapili humpeleka mbwa wangu Ruaha Mdogo kuogelea. Ni dume mweusi, koko tu, lakini maji anayapenda kuliko mimi. Nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18–55. Kila nikimpiga akijirusha majini, picha inatoka na ukungu, na yeye anakuwa weusi mtupu, macho hayaonekani. Ninunue kamera nyingine?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Usinunue. Nadhani unapiga kwa oto, na ukiwa chini ya miti ya mtoni kamera inachagua kasi ndogo. Weka kwenye S au Tv, yaani pale unapochagua mwenyewe kasi ya kufunga na kufungua lenzi, iwe 1/1000 ya sekunde kwenda juu. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 400 inatosha juani. Kivulini panda hadi 1600. Chengachenga kwenye picha zitakuwepo kidogo, acha ziwepo.

Weusi unatokana na maji yanayong'aa: kamera inayaona, inapunguza mwanga, mbwa anazama gizani. Ongeza mwanga hatua moja, kwa kitufe cha +/-, na jua liwe mgongoni mwako, kabla ya saa nne asubuhi au kuanzia saa kumi jioni.

Lakini hata ukiyarekebisha hayo yote, umeniambia unampiga akijirusha. Hapo unapata makalio na mkia! Sura ya mbwa iko safari ya kurudi: kijiti mdomoni, masikio yamelala, maji yanapasuka kifuani. Kwa hiyo usirushe wewe. Mpe mdogo wako kijiti, asimame nyuma ya bega lako, ili mbwa akirudi kwake awe anakujia wewe. Chuchumaa, au lala kabisa, lenzi iwe usawa wa macho yake. Ukipiga umesimama utapata mgongo na maji ya kahawia. Tumia nukta moja ya katikati ya fokasi, pamoja na fokasi ya kufuata kinachotembea, na nukta hiyo uishikilie kichwani pake. Ukiziachia nukta zote, zitakimbilia matone. Anza kupiga mfululizo miguu yake inapogusa chini, maana kwenye kina utaona kichwa tu, na lenzi yako ni fupi, haivuti mbali.

Akitoka usishushe kamera. Mbwa mkubwa hujikung'uta kama mara nne au tano kwa sekunde, akianzia kichwani kuelekea mkiani. Mimi hiyo ndiyo picha ninayoipenda, mashavu yamepinda na matone yametawanyika pande zote. Rudi nyuma hatua chache, na taulo kavu liwe karibu.

Masika mto ukijaa, mwache nyumbani. Na mkija Matema, kwenye Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone iko upande wa mashariki, jua la asubuhi huchelewa kufika ufukweni, nendeni jioni. Mito inapoingia ziwani msimrushie kitu. Kuna mamba.