Pesa za PDM hazifuati mvua, jipange kabla hazijaingia

Hapa Busia, Uganda, watu huniuliza waandikishe mradi gani ili wapate ile milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya pesa za mradi kupitia parishi. Nami huwauliza kwanza: pesa zikiingia mwezi wa saba, utazifanyia nini?

Mpango huu ulizinduliwa Kibuku mnamo Februari 2022. Kila parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa, hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja. Piga hesabu mwenyewe. Wakichukua zote, ni kaya 100 tu kwa mwaka, kwa hiyo foleni ni ndefu na hakuna wa kukuambia zamu yako itafika lini. Serikali hutoa pesa kwa kufuata mwaka wake wa bajeti, unaoanza Julai. Mahindi yetu yanangoja mvua ya Machi.

Jirani yangu aliandikisha mahindi. Pesa zikamfikia wenzake wakiwa wanapalilia. Nyumba yenye watoto wa shule haiwezi kuzikalia pesa hadi msimu ujao, karo ikazimeza. Simlaumu hata kidogo.

Ndiyo maana nasisitiza: kikundi chenu kichague mradi unaoweza kuanza mwezi wowote. Mimi nilichagua kuku wa kienyeji. Pesa hazijafika, banda la miti na udongo lilikuwa tayari, nilishajua nani ana mitetea mizuri, na afisa mifugo alishanieleza habari ya chanjo ya kideri. Hii chanjo jamani msiifanyie ubahili! Kideri kikiingia, banda zima hubaki manyoya. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja hutosha kuku wengi, basi changeni na majirani mchanje siku moja. Mbuzi nao wanafaa ukiwa na pa kuwafunga. Akila muhogo wa mtu, mtakutana kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Pesa huingia kwenye Wendi, pochi ya pesa katika simu. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha mtoto wala shemeji, na namba ya siri usimpe yeyote, hata anayejitolea kukutolea pesa. Kwetu alitokea mtu akidai elfu hamsini ndipo jina liingie kwenye orodha. Tulikataa kikundi kizima, tukaenda pamoja ofisini kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, na orodha ikasomwa upya hadharani. Msimwache mama mjane akatae peke yake, ataonewa.

Kuhusu kulipa: huu ni mkopo. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, yaani elfu sitini kwa kila milioni. Mimi huuza majogoo karibu na Idi na Krismasi, bei inapopanda, na fungu la mkopo nalipeleka SACCO, chama chetu cha akiba na mikopo, kabla sijapita dukani. Dai stakabadhi, kisha uone kwa macho yako jina na kiasi vikiandikwa daftarini. Pesa tunazorudisha ndizo wanazokopeshwa walio nyuma yetu, na katika kikundi chetu kuna wazee ambao zamu yao bado.