Moyo umetulia, mbona mzee hataki kutoka kitandani?

Msomaji ameuliza: baba alipata mshtuko wa moyo, miezi miwili imepita, vipimo vinaridhisha, lakini anafoka kwa jambo dogo, hataki wageni na dawa anazipiga chenga. Ndugu wanasema ni uzee.

Siyo uzee. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, baada ya mshtuko wa moyo, nayo huuumiza moyo tena: homoni za msongo, kotisoli na adrenalini, hupanda, chembe sahani zinazogandisha damu hunatana upesi, vidonge na matembezi huachwa. Hilo la vidonge ndilo la kuchunga kwanza. Hesabu vilivyobaki kwenye pakiti, usiridhike na "nimekunywa".

Usisubiri machozi. Wazee wengi hawasemi wana huzuni. Hulalamika mwili kuuma, chakula kukosa ladha, usingizi kukatika alfajiri. Muulize mambo mawili kuhusu wiki 2 zilizopita: ni mara ngapi amekosa hamu ya mambo, na ni mara ngapi amejisikia mnyonge au kukata tamaa? Kila jibu lina alama: hata kidogo 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, aonwe na daktari, apimwe pia wingi wa damu na tezi ya thairoidi ya shingoni, kwani kasoro zake huchosha vilevile. Akitamka kwamba anataka kufa, aonwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Kwenye dawa ndiko watu wanakoharibu. Kidonge cha jirani, hapana! Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, huweza kuvuruga mapigo ya moyo uliojeruhiwa. Sertralini, nayo ya sonona, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, na matokeo ya mwaka 2002 hayakuonyesha kwamba inauumiza. Kwa mzee mara nyingi huanzwa na miligramu 25, na nafuu huhitaji wiki 4 hadi 6. Wengi huacha wiki ya pili wakidai haifanyi kazi. Sitalopramu, ndugu ya sertralini, isizidi miligramu 20 kwa siku kwa aliyevuka miaka 60. Zote mbili, zikikutana na aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kuvuja damu. Huweza pia kushusha sodiamu, chumvi ya kwenye damu, hasa kwa anayetumia dawa ya kukojoza: akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, ipimwe haraka.

Na wasiwasi? Hofu ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Ila mwenye moyo mgonjwa akibanwa kifua, msibishane nyumbani kama ni hofu au ni moyo. Iteni gari la wagonjwa, kipimo cha umeme wa moyo na cha damu ndivyo vitakavyoamua.