Muulize Mhandisi: Ufa juu ya kifusi, tufukie tuendelee?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi naendesha tipa kwenye mgodi wa wazi huku Nzega, sio mkubwa, una vijiko viwili (mashine za kuchimbia) na tipa nne. Kifusi tunamwaga pembeni ya shimo, sehemu ambayo zamani yalikuwa majaruba ya mpunga. Lilianza lundo dogo, sasa limefika kama mita 20 na bosi anasema tupandishe tu juu maana mwenye shamba la jirani kagoma kuuza. Wiki iliyopita pale juu tunapogeuzia tipa umetokea ufa mrefu, vidole vitatu vinaingia. Tukaambiwa tufukie kwa udongo tuendelee na kazi. Mteremko wa lundo mbona ni uleule toka mwanzo, haujawahi kubomoka. Kuna shida hapo?
Dereva, Nzega

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shida ipo, tena kubwa, na nakuomba usirudishe tipa kwenye ule ukingo mpaka haya yafanyiwe kazi, na mwambie na mwenzako wa kijiko.

Nianze na hilo la mteremko kuwa uleule, manake ndo linalowadanganya wengi. Mawe yaliyolipuliwa ukiyamwaga yanajipanga yenyewe kwenye nyuzi 37 hivi, yaani ukipanda mita 3 juu unakuwa umeenda mita 4 mbele, na hiyo haibadiliki sana lundo liwe la mita 5 au mita 50. Kwa hiyo ukisimama pembeni ukaangalia utaona mambo yako sawa tu. Kinachobadilika ni uzito. Kila mita moja ya kifusi inakandamiza ardhi kwa karibu tani 2 kwa mita ya mraba, so mita 20 ni tani 40 kwenye kila mita ya mraba, na hizo tani zote mmezibebesha mbuga, yaani ule udongo mweusi wa majaruba.

Na mbuga si unaijua. Kiangazi inapasuka na inakuwa ngumu kama tofali, mvua zikishika inanyonya maji inavimba inateleza. Kama umewahi kuingia kwenye jaruba peku unajua ukikanyaga tope linapanda katikati ya vidole, halikubebi, linatafuta pa kutokea. Lundo nalo linafanya hivohivo, ule udongo mweusi ukielemewa unasukumwa mbele unatokea kwenye kitako cha lundo, na kitako kikiondoka juu hakuna kinachobaki. Halafu kuna suala la kasi. Udongo wa mfinyanzi uliolowa ukiupakia harakaharaka, maji yaliyomo ndani hayapati muda wa kutoka, yanabaki humo yanabeba uzito yenyewe, na maji hayana msuguano hata kidogo. Ukipakia taratibu udongo unakamuka na kukaza, lakini ni kazi ya miezi, pengine miaka, sio ya wiki mbili za kukimbizana na trip.

Sasa ufa. Kuufukia ni kosa, naongea kwa uchungu kabisa. Ufa ndo taarifa pekee mliyonayo na mnaizika, na ule udongo laini mliotupia hauzuii maji, mvua ya kwanza yanashuka humohumo. Fukueni muuone. Chukua vigingi viwili vya mti, kimoja upande huu wa ufa na kingine ule, pigilia msumari juu ya kila kimoja, pima kwa tepu asubuhi na jioni, andika kwenye daftari tarehe na milimita. Ukikuta leo umeongezeka milimita 5, kesho 5 tena, keshokutwa 5 tena, lundo linatembea polepole na bado hamruhusiwi kumwaga hapo. Ukikuta unaongezeka 5, halafu 9, halafu 20, hapo hamna mjadala, watu na mashine vitoke juu na chini.

Ukimaliza juu zunguka chini, ila kwa mbali. Angalia matuta ya majaruba yaliyobaki mbele ya lundo. Mimi niliwahi kuona, kwenye mgodi mmoja miaka ya nyuma, tuta lililokuwa limenyooka limepinda kama upinde na ardhi mbele ya kitako imevimba kama mgongo wa ng'ombe, wakati juu kulikuwa na kaufa kadogo tu ambako hakuna aliyekajali. Siku ya tatu alfajiri ukingo wote ukashuka. Tipa zilikuwa zimeegeshwa kambini, ndo kupona kwetu.

Hii sio ya huku kwetu tu. Tarehe 21 Oktoba 1966, Aberfan kule Wales, lundo la mabaki ya makaa ya mawe lililorundikwa juu ya chemchemi liliteleza baada ya mvua likafukia shule. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Lundo lilikuwa mlimani na watu wanaliona kila siku, tatizo lilikuwa maji yaliyo chini yake.

Kwa hiyo mwambie bosi kwanza asimamishe kupandisha, pili buldoza ishushe sehemu ya juu lundo lilale zaidi, tatu achimbe mtaro upande maji yanakotokea ili yazunguke yasipite chini ya kifusi. Na mtu yeyote asichimbe kitako, hata kokoto ya barabara. Lundo jipya lianze kwa kuvua udongo mweusi mpaka mfike kwenye changarawe, mawe makubwa yatangulie chini maji yapate njia, halafu mnapanda kwa ngazi fupifupi za mita 5 hadi 10 huku mkiacha kingo pana. Wewe dereva mwaga nyuma ya ukingo, buldoza ndo isukume, na tuta la ukingoni lisipungue nusu ya urefu wa tairi. Afisa Madini nae apewe taarifa mapema.

SWALI: Mwanangu mhandisi, sisi akina mama tunaokota magwangala, yale mawe ya mabaki, chini ya lundo la mgodi. Mvua ikikatika siku moja mbili pakikauka panakuwa salama?
Mama muokotaji, Nzega

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, hapawi salama. Juu panakauka lakini maji yanakuwa bado yanashuka ndani. Na tipa ikimwaga kutoka juu, mawe makubwa ndo yanabingirika mpaka chini, udongo unabaki juu, ndo maana magwangala mazuri mnayakuta pale kitakoni, na ndo hapohapo jiwe linalofuata linapofikia. Julai 2020 kule Hpakant, Myanmar, kifusi cha mgodi wa jade kiliangukia dimbwi la maji wakati wa mvua, wimbi la tope likabeba waokotaji, walikufa zaidi ya 170. Kwa hiyo msiseme tumekaa mbali kidogo, lundo likiteleza na maji linakwenda mbali kuliko urefu wake mara kadhaa. Nendeni kwa mwenye leseni na mwenyekiti wa kijiji, ombeni tipa chache kwa siku zimwage mawe kwenye uwanja tambarare, myaokote hapo kwanza, yanayobaki ndo kijiko kiyapeleke kwenye lundo. Mwenye leseni hapotezi kitu zaidi ya mafuta ya kijiko.