Laptopu Iliyoingia Maji ya Bahari: Kabla Hujamlipa Fundi

Juzi kijana mmoja wa Shela, hapa kwetu Lamu, alinitumia ujumbe usiku. Boti imepigwa na wimbi, begi limelowa, laptopu imezima. "Dada, nitengeneze au niuze?" Niliusoma mara mbili moyo ukinichoma, kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa lilinigharimu.

Yangu ilikuwa mwezi wa Julai, kusi imechachamaa. Nilipanda boti Mokowe nikirudi Amu, yaani Lamu mjini, begi nimeliweka miguuni. Ndani mlikuwa na laptopu ya shilingi 32,000 niliyoinunua kwa pesa za kuchapa kadi za harusi, kidogo kidogo, karibu mwaka mzima. Njiani boti ikaruka, maji yakaingia upande wangu, na kufika gatini begi linachuruzika. Nikaifuta kwa leso. Nikabonyeza kitufe nione kama ingali hai. Ikawaka, nikamshukuru Mungu, na baada ya dakika chache kioo kikawa cheusi.

Kule kubonyeza ndiko kulikoimaliza. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme pasipotakiwa. Betri ikiwa bado imeunganishwa, shaba ya kwenye bodi, kile kibao cha ndani chenye chipu, huanza kuliwa papo hapo. Nami nikaongeza kosa: nikaizika kwenye ndoo ya mchele siku 3, kama kila mtu mtaani alivyoniambia. Mchele hauondoi chumvi. Maji yalikauka, chumvi ikabaki ndani ikila.

Siku ya nne mtu alinipa 12,000 aichukue vile ilivyo. Nikakataa, nikaona ananidharau. Nikampa fundi 6,500. Aliipuliza hewa ya moto, ikawaka, akaniambia, "Imepona kabisa, dada." Sikumwomba anioneshe ndani. Ilifanya kazi siku 11, kisha ikanizimikia katikati ya kazi ya mteja.

Safari hiyo nilimsimamia fundi mwingine akiifungua. Karibu na tundu la chaja palikuwa na unga wa kijani na mweupe, umegandamana kama ukoga wa meno. Alipousugua kwa mswaki, vijiguu vya chipu viling'oka nao. Niliiuza spea kwa 5,000. Mpaka leo inaniuma, na sana yananiuma yale maneno "imepona kabisa".

Mwaka huu mpwa wangu alimwagia yake chai ya maziwa. Sikubabaika. Nilichomoa chaja, nikashikilia kitufe mpaka ikazima, nikaipindua juu ya taulo kama hema, na asubuhi ilikuwa kwa fundi. Akachomoa betri, akasafisha bodi kwa spiriti kali, akabadilisha kibodi. Shilingi 4,000, na inafanya kazi hadi ninapoandika haya. Nilijisikia fahari, maana safari hii niliamua kwa macho yangu.

Kwa hivyo ndugu zangu, fungueni kwanza. Usilipe, usikubali bei ya mnunuzi, usikate tamaa kabla hujaiona bodi. Ikiwa safi, tengeneza. Ikiwa imeliwa, uza. Na hata kama inatengenezeka, gharama ikipita nusu ya bei ya nyingine kama hiyo iliyotumika, uza. Diski itoe kabla ya kuuza, kama haikushikizwa moja kwa moja kwenye bodi: mara nyingi huwa nzima hata bodi ikifa, na humo mna kazi zako na siri zako. Kisha mwambie mnunuzi wazi kwamba imeingia maji ya bahari. Kioo, RAM na kasha la nje vitapata bei kwa mwenye kutafuta spea. Kumwuzia mwenzio kitu unachojua kitamfia mkononi ni dhuluma, na pesa ile haina baraka.

Nawe mdogo wangu wa Shela, usiiwashe tena wala usiichaji. Betri ikiwa imevimba usiikandamize, hushika moto. Kesho mapema fundi achomoe betri kwanza, kisha aisuuze bodi kwa yale maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa betri za sola. Angalia vizuri chupa, isije ikawa asidi. Baada yake spiriti, kisha ikauke. Akifungua tu, nipigie picha ya pale kwenye tundu la chaja, unitumie kabla hujatoa hata shilingi.