Maswali ya Wasomaji: Mbega wa Rau, Mbigili na Tope

Nimekwenda msitu wa Rau kwa baiskeli kutafuta mbega, nikafika saa tano asubuhi, nikaishia kusikia ndege tu. Wamehama? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Hawajahama, wamepumzika. Mbega hula majani, na majani huchukua muda mrefu kumeng'enywa, ndiyo maana sehemu kubwa ya mchana hujilaza tu matawini. Fika saa moja asubuhi. Kabla ya saa tatu hupanda vileleni kuota jua, ndipo wanapoonekana vizuri. Usitafute mwili mweusi, kivulini haujitokezi. Tafuta mkia: kishungi chake cheupe huning'inia chini ya tawi. Tazama na njia unayopita. Ukikuta majani mabichi yaliyotafunwa nusu, simama, wako juu yako. Ukibahatika utaona mama amembeba mtoto mweupe mwili mzima, maana huzaliwa hivyo, weusi huja baadaye. Yule wa kijivu bila kishungi ni kima.

Ukishaingia chini ya mivule, shuka usukume baiskeli. Ndizi usiwape: tumbo la mbega hutegemea bakteria wanaochachusha majani, na sukari nyingi huwavuruga. Huo ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo ulizia kibali na kiingilio kabla ya kuingia.

Kila nikirudi kutoka Mabogini nina pancha. Nimeziba mara kadhaa, upepo unatoka palepale. Tyubu mbovu? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Kabla ya kulaumu tyubu, kagua tairi. Pembeni mwa njia kavu kuna mbigili, na mwiba wake huvunjikia ndani ya mpira. Unaziba tyubu, mwiba umebaki, unatoboa tena. Toa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitakaponasa ndipo ulipo. Usitumie kidole kitupu.

Kuziba nako kuna adabu yake. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, na ule mstari ulioinuka wa tyubu uusugue hadi ulale, la sivyo upepo utapenya chini yake. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri dakika tano, hadi isinate kidoleni. Hapa ndipo wengi huharibu: wanabandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza kikipata joto. Kibandike, kikandamize kuanzia katikati kwenda kingoni.

Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, si mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kisome, usipime kwa kubonyeza na dole gumba.

Masika tope linajaa kwenye madigadi hadi gurudumu haligeuki. Nifanyeje? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Usilazimishe pedali, utakata cheni. Beba kijiti, ukwangue kila linapoanza kukwaruza. Udongo wa mashamba ya mpunga ukikauka ni shida zaidi, basi uoshe siku hiyohiyo kwa ndoo na brashi. Mpira wa maji wenye presha usiuelekeze kwenye ekseli, husukuma maji hadi kwenye gololi na kuondoa grisi. Cheni ifute ikauke, kisha tone moja la oili ya cherehani kila kiungo, ufute inayozidi. Rau penyewe kuna chemchemi, kwa hiyo hata Agosti usishangae kukuta njia imelowa.