Wasomaji Wauliza: Chasisi Huozea Ndani

SWALI: Mabwana mafundi, nina pikapu ya fobaifo ninayobebea mbolea na chumvi ya ng'ombe kutoka Nakuru mjini. Mwaka jana niliipaka rangi nyeusi chini kote. Sasa imevimba na inabanduka. Nilikosea wapi? – Mkulima, Njoro

JIBU: Ndugu mkulima, rangi ilipakwa juu ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikikua chini ya rangi huisukuma hadi ipasuke. Hilo angalau unaliona. Linalotutia wasiwasi zaidi ni la ndani. Mihimili ya chasisi yako, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa sehemu kubwa ina uwazi katikati, matope huingia kwenye matundu yake na kulala pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Udongo huo hubaki na unyevu hata nje kukiwa kumekauka kabisa. Mzigo wako nao unazidisha balaa: mbolea kama CAN (ya kukuzia mimea) hunyonya unyevu hewani, na maji yenye mbolea au chumvi hula chuma upesi kuliko maji matupu.

Simamisha gari kwenye stendi imara (jeki peke yake usiiamini hata dakika moja) na ushushe tairi la akiba. Zibua kwa waya kila tundu la chini la kutolea maji, kisha ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya pembeni na uyaache yapite hadi yatoke safi. Usishangae udongo ukijaa karai. Liache gari likauke siku 2 au 3 za jua kali, au lipulize kwa kompresa. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na nta ya kuzuia kutu, tutakayoifikia mwishoni, ikipuliziwa juu ya maji huyafungia humohumo.

Likikauka, gonga chasisi yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Bisibisi ikizama mahali, acha habari ya rangi. Hapo ni kazi ya kuchomelea kwanza.

Kwa nje, kwangua maganda yote na usugue kwa brashi ya waya ya grainda hadi chuma kionekane. Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipake dawa yenye asidi ya fosforiki, ukiwa umevaa glavu na miwani. Soma kopo, maana baadhi ya dawa hizi lazima zioshwe na nyingine huachwa zikauke. Futa mafuta kwa tina, paka praima ya epoksi mikono miwili, kisha rangi ya chasisi mikono miwili. Lita 2 za praima na 2 za rangi huzitosha pikapu nyingi. Usiguse diski za breki, ekzosi, mipira wala kipumulio cha difu (giaboksi ya ekseli). Propela, fimbo inayozungusha ekseli ya nyuma, nayo iache: rangi ikikaa nene upande mmoja, itatetemeka ukiongeza mwendo.

Mwisho ni ndani, kwa nta maalumu ya kupulizia na mpira mwembamba wenye ncha inayorusha pande zote. Usukume hadi mwisho wa mhimili, kisha uuvute polepole huku ukipuliza. Andaa lita 2 hadi 3. Ikianza kudondoka kwenye matundu ya chini, imefika. Ikikoma kudondoka, pitisha waya tena kwenye kila tundu, kwa sababu tundu likiziba chasisi itahifadhi maji kama tanki. Rudia nta kila mwaka, Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Na msimu wa mbolea, tandika turubai chini ya magunia.

SWALI: Naambiwa oili chafu ya injini inatosha kukinga chasisi, tena ni ya bure. Wengine wanasema lami. – Dereva, Bungoma

JIBU: Oili hufukuza maji kweli, ndiyo maana ushauri huu hauishi. Lakini oili iliyotumika ina asidi na masizi ya injini, hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, huweza kudondokea breki, na mvua huipeleka shambani na visimani. Lami ni hatari zaidi kwa sababu hupendeza macho. Ikishakauka hupasuka, maji huingia chini yake, na kutu hufanya kazi bila kuonekana. Nunua nta, au dawa ya lanolini, ambayo ni mafuta ya manyoya ya kondoo.

SWALI: Nataka Prado iliyotumika Japani. Je, hewa ya ziwa italila kama ya Mombasa? – Msomaji, Kisumu

JIBU: La. Ziwa Victoria ni la maji baridi, halina chumvi ya bahari. Ogopa zaidi udongo mweusi wa tambarare za Kano, hapo karibu na Kisumu, unaoganda chini ya gari, na chumvi ambayo gari limekuja nayo: Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na sehemu nyingine zenye theluji nyingi, barabara humwagiwa chumvi.

Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka 7 itie shaka. Lala chini na tochi, chunguza mhimili unaobeba tairi la akiba, vishikio vya mikono ya ekseli ya nyuma, na mabomba ya breki. Si jambo la kudharau: mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kukagua chasisi za magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia, na tundu la kutu la milimita 10 au zaidi lilitosha chasisi kubadilishwa.

Ukikuta tundu dogo na bado walitaka gari, punguza bei kwa gharama ya kuchomelea. Bamba liwe na unene sawa na wa chasisi, mara nyingi milimita 3 hivi, na ncha zake zikatwe kwa mshazari, kwa kuwa mstari wa weldi unaokata mhimili wima huanzisha ufa. Nyaya za betri zifunguliwe kabla ya kuchomelea, na bomba la mafuta lililo karibu lisogezwe. Kisha pulizia nta upya ndani ya mhimili huo. Moto wa weldi huunguza kinga yote iliyokuwa nyuma ya bamba.